Chapa Juu ya Chapa

Kwenye banda la ngozi nyuma ya kichinjio cha Kitengela, watu walijua mambo mawili kuhusu Nzula. La kwanza, hakuna ngozi mbovu iliyompita. La pili, ukimkosea leo atakukumbusha mwaka ujao, siku kama hiyo hiyo, ukiwa umekwisha kusahau na unakunywa chai yako kwa amani. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye vidole vilivyochubuliwa na chumvi, na hakuwa na haraka. Watu wa hasira za haraka huchoka upesi, lakini Nzula hakuchoka.

Mtu ambaye Nzula alimwekea kinyongo kuliko wote aliitwa Wathome, shemeji yake. Wala hakutaka shamba kwake, wala fidia. Alitaka neno moja ambalo Wathome alilisema mwaka wa 1996 alirudishe kwa mdomo ule ule, mahali pale pale, mbele ya watu.

Mambo yalikuwa hivi. Mwaka wa 1993 Nzula aliolewa na Mbithi, dereva wa lori aliyepeleka saruji Namanga na wakati mwingine kuvuka mpaka. Kwao Mbithi ni Mashuuru, Wakamba waliohamia kule na jembe mkononi wakajifunza kufuga kwa jirani zao Wamaasai. Waposaji walipofika Konza kwa baba yake Nzula, msemaji wao alikuwa Wathome, kaka mkubwa, mtu wa ulimi laini. Alimsifu ndugu yake mpaka wazee wakaacha kutafuna. "Huyu ni kijana mzima," alisema. "Hata jino bovu hana."

Baba yake Nzula aliridhika. Siku ya kumtoa binti alimpa mtamba mwekundu mwenye doa jeupe usoni, aliyepigwa pajani chapa ya boma lao: nusu mwezi na mstari chini yake. "Hii si ya bwanako," alimwambia. "Hii ni yako. Siku ukikosa maziwa usiombe mtu."

Haukupita muda mrefu, Mbithi akaanza kukonda. Kwanza ikawa malaria, halafu ikawa kifua, halafu ikawa tumbo, na kila ugonjwa ulipata jina isipokuwa ule mmoja ambao kila mtu aliujua. Nzula alimwogesha, alimlisha uji kwa kijiko, alifua mashuka mpaka mikono ikapasuka. Mbithi alikufa wakati wa mvua za Aprili, 1996, wakamzika Mashuuru nyuma ya nyumba ya mama yake.

Udongo wa kaburi ulikuwa haujakauka Wathome aliposimama. Watu walikuwa wengi, majirani, kwaya ya kanisa, madereva wenzake Mbithi waliokuja na lori zima. Nzula alikuwa ameketi chini karibu na mama mkwe wake, ambaye siku zote alimwita mwaitu, yaani mama, kama Wakamba wanavyoita, na mama huyo alikuwa amemshika mkono.

"Mimi sitaficha," Wathome alisema. "Huyu mwanamke ndiye ametuulia ndugu. Alikuwa anafanya kazi Kitengela kabla aolewe, na sisi wote tunajua Kitengela. Alikuja hapa na ugonjwa kwa pochi."

Mwaitu aliuachilia ule mkono. Hakusukuma, hakutukana, aliuachilia tu, kisha akajifunika kichwa kwa leso. Nzula alikuwa hajawahi kumjua mwanamume mwingine maishani mwake, na hilo alitaka kulisema, lakini mwanamke anasemaje jambo kama hilo mbele ya kaburi na kwaya? Alinyamaza. Kunyamaza kule ndiko kulikomuuma baadaye kuliko njaa.

Jioni hiyo hiyo alifungasha nguo zake. Alipokwenda zizini kumfungua ng'ombe wake, Wathome alikuwa amesimama mlangoni.

"Hii ng'ombe ni ya boma hii," alisema. "Wewe nenda na kile ulikuja nacho."

"Nilikuja na hii ng'ombe. Ona chapa ya baba yangu."

"Chapa ni moto tu, shemeji. Hata mimi niko na moto."

Basi Nzula akasimama pale, begi kichwani, akasema kwa sauti ambayo hata kwaya iliyokuwa ikila wali iliisikia: "Utasema, Wathome. Yale umesema utayarudisha na mdomo huo huo, na ni hapa hapa utayasema."

Wathome alicheka. "Rudi basi ukiwa hai," akamjibu.

Nzula akarudi Kitengela, akapimwa damu, akakuta kweli anavyo virusi. Miaka hiyo jibu la namna ile lilikuwa kama kuambiwa uende ukajichagulie sanduku. Nzula hakulia. Alimwambia aliyempa majibu, "Siwezi kufa sasa, niko na kazi Mashuuru," na yule akadhani mama wa watu amechanganyikiwa.

Alipata kibarua cha kupaka chumvi ngozi. Aliyemfundisha kazi ni mchunaji wa siku nyingi aliyeitwa Lesiamon, Mmaasai mwenye masikio marefu na maneno mafupi. Kila asubuhi alimsalimu, "Takwenya," naye Nzula akaitikia "Iko," kisha hawakusemezana tena mpaka saa ya chai. Siku moja Lesiamon alimkuta ameinama juu ya ngozi, akipapasa manyoya kutafuta makovu.

"Wewe unaangalia kama mtu ananunua koti," alimwambia. "Geuza."

Akaigeuza ngozi upande wa nyama, akaonyesha kwa ncha ya kisu. Juu, kwenye manyoya, palikuwa na chapa moja, mraba mkubwa, safi. Chini, upande wa ndani, palikuwa na mbili: ule mraba, na katikati yake kovu jingine la zamani, jeupe, lililokuwa limelala kimya muda wote huo. Moto wa chuma huzama mpaka ndani, Lesiamon alieleza. Mwizi wa mifugo huunguza chapa yake juu ya chapa ya mwenyewe, manyoya yakaharibika, macho yakadanganyika. Ila mwizi humwangalia ng'ombe akiwa hai, akasahau kuwa ngozi ina upande wa pili.

"Kwa nje ng'ombe anaweza kudanganya," alisema Lesiamon. "Kwa ndani hawezi."

Tangu siku hiyo kila ngozi iliyofika mikononi mwa Nzula aliigeuza kwanza. Wenzake walimtania kwamba anamtafuta mume wa pili humo ndani. Aliwaacha wacheke. Alijua anachokitafuta, na alijua ng'ombe huzeeka, na kwamba ng'ombe mzee wa Mashuuru, siku zake zikiisha, njia yake ni Kitengela.

Mwaka wa 1998 walikuja watu wa utafiti kwenye zahanati ya mtaani, wakitafuta waliokuwa na virusi na ambao bado walikuwa na nguvu. Mtaalamu wao aliitwa Khisa, kijana wa Kiluhya kutoka Bungoma, mrefu, mpole, mwenye kalamu nne mfukoni, na kila mara aliyoichomoa ndiyo iliyokuwa haiandiki. Aliwaeleza kwamba wangetoa damu kila baada ya miezi mitatu, na kwamba hakuwa na dawa ya kuwapa. Wengi waliondoka. Nzula alibaki kwenye benchi.

"Mnataka kumuua huyu mdudu?" aliuliza.

"Tunataka kwanza kumjua, mama."

"Mimi namjua. Mnataka kumuua au hapana?"

"Ikiwezekana, ndiyo."

"Basi nichome."

Alichomwa kila miezi mitatu, mvua ije jua liwake. Alikuwa na maadui wawili, na yule mdogo asiyeonekana Nzula alimchukia kwa namna ile ile alivyomchukia Wathome, kwa mpangilio na bila kelele. Alipokuwa akitazama damu yake ikijaa kwenye kichupa, alijisikia kama mtu anayeandikisha mashtaka.

Kisha akapata wazo. Damu inajua mambo. Kama wataalamu hawa wanaweza kumtazama kirusi mpaka umbo lake, si wanaweza kuona alikotoka? Alimwomba Khisa amwandikie karatasi, yenye muhuri, isemayo kwamba Mbithi ndiye aliyempa, si yeye aliyempa Mbithi.

Khisa alishusha kalamu. "Mama Nzula, hiyo siwezi. Bwanako alizikwa bila kutoa damu. Na hata kama angetoa, tungeona tu kwamba virusi vyenu ni ndugu. Nani alimpa nani, kipimo hakiwezi kuapa."

"Kwa hivyo haina maana."

"Ina maana nyingine."

"Sitaki nyingine."

Aliondoka kwa hasira, na kwa miezi sita hakukanyaga pale. Alimwandika Khisa pia kwenye ile orodha yake ya moyoni, chini ya Wathome, ingawa kwa herufi ndogo. Alirudi kwa sababu moja tu: aliwaza kwamba akiacha, mmoja kati ya maadui zake atakuwa amepumzishwa bure.

Mwanzoni mwa mwaka wa 2003 Khisa alimwita ofisini, akafunga mlango, akatabasamu.

"Kuna kitu kwa damu yako," alisema. "Niliipeleka maabara Nairobi. Sasa nitakueleza polepole, na usinikasirikie kabla nimalize."

Akamweleza kwamba kirusi kina ganda la nje, na kwenye ganda hilo zimechomoza protini, vifundo vidogo vidogo. Ndivyo kirusi hushikia chembe ya mwili na kuingia ndani yake. Mwili nao hutengeneza kingamwili, ambazo zikivikamata vile vifundo mapema, kirusi hakiingii popote, kinabaki nje na njaa yake. Taabu ni kwamba kirusi hiki kinajifunika. Zile protini zimevikwa sukari juu mpaka chini.

"Sukari gani?" Nzula aliuliza. "Hii ya chai?"

"Hapana, sukari ya mwili wako mwenyewe. Anakuibia wewe mwenyewe. Kingamwili zikifika zinaona ni kitu cha nyumbani, zinapita."

Nzula alisonya. Mwizi anayevaa nguo za mwenye nyumba alimjua vizuri.

Khisa akaendelea. Tena zile protini zina vitanzi vinavyoning'inia, na kila kirusi kinapozaliana vitanzi vinabadilika, vinarefuka, sukari inahama kutoka hapa kwenda pale. Kingamwili zikishajifunza umbo hili, hili limekwisha kuondoka. Walikuwa wameipima damu ya Nzula ya mwaka huu dhidi ya virusi vyake vya mwaka wa 2001, vilivyokuwa vimehifadhiwa kwenye baridi. Damu iliviangusha vyote.

"Na vya sasa hivi?" Nzula aliuliza.

"Vya sasa hivi havijaguswa."

Nje mtu alikuwa akigongagonga bati. "Unaniambia," Nzula alisema mwishoni, "damu yangu inamkamata mwizi wa mwaka juzi."

"Ndiyo. Na mwaka kesho itamkamata wa leo. Siku zote iko nyuma."

"Chapa juu ya chapa," Nzula alisema. Ilibidi amweleze Khisa habari za ngozi, na mraba, na nusu mwezi, na Khisa alisahau kwamba ndiye mwalimu, akasikiliza mdomo wazi. Kisha Nzula akauliza lililokuwa la maana: "Huyu mdudu hana upande wa ndani? Hakuna mahali hawezi kubadilisha?"

"Kuna," Khisa alisema, na sauti yake ikapanda. "Pale anaposhikia chembe. Akipabadilisha sana hatashika tena, atakufa mwenyewe. Kwa hivyo anapaficha, kwenye mkunjo, chini ya sukari. Damu za watu wengi hazipafikii. Yako, nafikiri, inapafikia. Tulichukua maganda ya virusi vya watu wengine kumi na wawili, watu hujawahi kuonana nao. Damu yako imezuia tisa."

"Tisa wa watu."

"Tisa."

"Na wangu?"

Khisa aliitazama meza. "Wako ameishi na wewe miaka mingi, mama. Ameshajifunza kukwepa hata pale."

Sasa hebu fikiria uchungu huo. Mtu ana silaha ya kumwangusha adui wa kila jirani, ila wake mwenyewe anamcheka akiwa ndani ya nyumba. Nzula alirudi bandani akapaka chumvi ngozi kumi na nne bila kupumzika, na Lesiamon, aliyemjua, alimletea chai akaondoka haraka.

Ukame wa mwaka wa 2005 uliwavua watu mifugo. Kutoka Mashuuru, kutoka Oltepesi, kutoka kila upande ng'ombe waliletwa Kitengela wakiwa mbavu tupu, wengine wakichinjwa ili tu wasife njiani. Bandani kulikuwa na kazi kutoka alfajiri. Siku moja ya Oktoba, kabla ya saa ya chai, Nzula aligeuza ngozi ya ng'ombe mzee mwekundu, akaona mraba. Na ndani ya mraba, jeupe, limetulia, nusu mwezi na mstari chini yake.

Aliigeuza tena upande wa manyoya. Ngozi ya uso ilikuwa bado na doa jeupe.

"Lesiamon," aliita. "Niangalizie kibali cha hii. Imetoka wapi?"

Lesiamon alikwenda kwa madalali akarudi. "Mashuuru. Mwenyewe anaitwa Wathome." Akamtazama, akaitazama ngozi, naye hakuwa mjinga. "Wizi wa mifugo ni jela," alisema. "Hata mimi nitatoa ushahidi."

"Jela baadaye," Nzula alisema. "Kuna kitu nataka kwanza."

Ngozi ilikuwa imekwaruzwa na miiba, haikuwa na thamani kwa mtu, kwa hiyo msimamizi alimwachia. Aliikandika chumvi vizuri, safu mbili, akaiviringisha kwenye gunia. Kisha akasubiri siku ya soko. Miaka tisa ilikuwa imempita, angeweza kusubiri siku nne.

Alifika Mashuuru saa nne asubuhi. Soko lilikuwa dogo kwa sababu ya ukame, lakini watu walikuwapo. Alimkuta Wathome ameketi kwenye kigogo nje ya duka lililofungwa, na kwanza hakumtambua. Yule mtu mnene wa ulimi laini alikuwa amekwisha. Huyu alikuwa mzee wa bega moja chini, mguu mmoja umenyooka mbele kama si wake, fimbo imelala pembeni. Jirani zake walinunua nyanya wakampita kana kwamba hayupo.

Wathome alimwona. "Ngai, Mungu wangu," alisema. "Mimi nilisikia ulikufa."

"Ulisikia au ulisema?"

Nzula akaifungua ile ngozi hapo chini, upande wa nyama juu, mbele ya watu wote, nzi wakaja. "Soma," alimwambia. "Uliniambia wewe uko na moto. Huu hapa moto wako, na huu hapa wa baba yangu. Chifu anakaa hapo nyuma. Nimwite, au utasema?"

Watu walianza kusogea. Nzula alikuwa ameiota siku hii kwa miaka tisa, na kila alipoiota Wathome alibisha, akatukana, akakana, naye akamponda hatua kwa hatua. Wathome hakubisha. Alitazama lile kovu jeupe kwa muda, akafuta pua kwa mkono.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini? Sema kwa nguvu."

"Mbithi alikuwa mgonjwa kutoka tisini na mbili. Mimi ndiye nilimpeleka hospitali wakampima. Akaniambia nisiseme. Nikaona akipata bibi atatulia, pengine itapona." Akameza mate. "Nilipokuja kwa baba yako kuposa, nilikuwa najua."

Kwa miaka yote Nzula alikuwa amemchukia kwa uongo alioutoa kaburini, kumbe uongo wenyewe ulianzia Konza, mbele ya baba yake, na mtamba yule baba yake alimtoa kwa furaha ya mtu aliyedanganywa. Hata jino bovu hana. Alimtazama yule mzee akatamani kumkanyaga ule mguu uliokufa. Nusura amkanyage.

"Sema si mimi nilimuua."

"Si wewe ulimuua."

"Kwa nguvu."

"Si Nzula alimuua Mbithi!" Wathome alipaza sauti, ikapasuka katikati. "Ni mimi nilimletea Nzula kifo, nikamwita muuaji!"

Alimfanya arudie mara ya tatu. Na hapo mwanamke kijana aliyekuwa akiuza nyanya, mtoto mgongoni, alimgeukia mwenzake na kuuliza kwa udadisi tu, bila ubaya wowote, "Mbithi ni nani?"

Mwenzake akabinua mdomo. Hakujua. Nzula alitazama nyuso moja moja. Walikuwa wageni, waliohamia juzijuzi, Wamaasai wa upande wa pili wa barabara, vijana waliokuwa watoto wadogo mwaka ule wa kaburi. Hakuona hata mmoja wa kwaya ile.

"Mwaitu yuko wapi?" aliuliza, ingawa alikwisha kujua kwa vile Wathome alivyoinamisha kichwa.

"Tulimzika mwaka wa elfu mbili na moja."

"Ulimwambia?"

"Hapana."

"Alikufa akijua ni mimi."

"Ndiyo," alisema Wathome. "Alikuwa anakulaani kwa jina. Mpaka ile wiki ya mwisho."

Basi kisasi chake kilikuwa kimefika, kimemkamata mwizi barabara, na mwizi mwenyewe alikuwa wa mwaka juzi. Sikio moja tu ndilo lililokuwa na maana duniani, na lilikuwa chini ya udongo karibu na kaburi la Mbithi. Nzula alilia pale sokoni, kwa sauti, kilio cha hasira, na mwenye nyanya akampa kigoda.

Mngemshauri asamehe, najua. Watu wa kusamehe kwa niaba ya wengine hawakosekani. Nzula alipomaliza kulia aliosha uso, akaomba nyundo na misumari kwa fundi wa viti, akamwambia Wathome aongoze njia ya kwenda kwake. Wathome alijikokota mbele na fimbo yake, na nusu ya soko nyuma. Walipofika, Nzula aliipigilia ile ngozi kwenye mlango wake wa mbele, upande wa nyama ukitazama barabara, kila kona msumari, na katikati misumari miwili, mmoja kila upande wa nusu mwezi.

"Usiitoe," alimwambia. "Kila mtu atakayepita hapa atauliza hii ni nini. Utamweleza. Kutoka Konza mpaka kaburini, yote, na jina langu, na jina la mwaitu. Akija mgeni kesho, unaanza upya. Siku nitasikia imetoka, mimi na Lesiamon tunaenda kwa chifu, na utaenda kueleza jela."

"Mpaka lini, shemeji?"

"Mpaka ioze. Na nimeiweka chumvi vizuri."

Inasemekana ilikaa pale mvua tatu, na kwamba Wathome aliisimulia hadithi ile mpaka watoto wa shule wakaijua kwa moyo na kumsahihisha aliporuka mahali. Mwenye nyanya alikuwa wa kwanza kuuliza, kesho yake asubuhi.

Jumatatu iliyofuata Nzula alikwenda zahanati. Chembe zake za kinga zilikuwa zimeshuka, na dawa za kupunguza virusi zilikuwa zimekwisha kufika Kajiado bila malipo. Angeanza kuzimeza wiki hiyo. Khisa alimwambia kwamba kabla ya hapo angependa damu ya mwisho, kwa sababu dawa zikimlaza adui, kingamwili nazo zingepungua pole pole kwa kukosa wa kupigana naye.

Nzula alinyoosha mkono. "Hizi zangu," alisema, "zitamkuta lini huyu wangu?"

"Huyo hazitamkuta, mama. Dawa ndiyo itamlaza."

"Najua. Nilitaka tu kusikia ukisema." Alitazama kichupa kikijaa. "Na wa watu wengine?"

Khisa alifikiri. Alisema kwamba kirusi kinapoingia kwa mtu mpya, mara nyingi zile siku za kwanza kinakuwa na vitanzi vifupi na sukari chache, bado hakijapata muda wa kujifunika. Wakijifunza jinsi damu kama yake inavyopafikia pale penye mkunjo, pengine siku moja watu watawekewa kingamwili za namna hiyo mapema, kabla mwizi hajagonga mlango. Hakuahidi. Pengine miaka ishirini, pengine zaidi.

"Kwa hivyo kuna msichana fulani," Nzula alisema polepole, "ataolewa na mtu kama Mbithi, na msemaji kama Wathome atakuja kwa baba yake kudanganya, na huyo mdudu akiingia atakuta damu inamjua."

"Kama tutafaulu. Ndiyo."

Kichupa kilikuwa kimejaa. Khisa alianza kuchomoa sindano, Nzula akamshika mkono kwa vile vidole vyake vya chumvi.

"Weka kingine," alisema. "Na siku mtamshika huyo mdudu mlangoni kwa huyo msichana, msimuue haraka. Mwambieni kwanza ni nani amewatuma."

Khisa alicheka, akaona Nzula hacheki. Akachukua kichupa kingine, akaandika namba ya Nzula juu yake, kisha kingine tena. Nzula alisubiri mpaka vikajaa vyote, akabonyeza pamba kwenye kiwiko, akarudi kazini kabla jua halijaharibu ngozi za asubuhi.